Nyeupe Umeiacha Wapi?

Katika daftari langu la maneno, chini ya herufi B, lipo ingizo moja nililolipitishia mstari mwembamba, lisitumike lakini lisomeke. Linasema hivi: "Bahamvi. Nomino. Limesikika kwa wachezaji wa pool, Ngamiani. Maana: pengine bahari kuu, pengine jina la upepo. Waulizwe wazee."

Wazee niliwauliza. Mmoja alinieleza kwa yakini kwamba ni upepo unaotangulia kusi. Mwingine alisema ni neno la mabaharia wa kale, limekufa pamoja nao. Nadhani wote wawili walikuwa wakinistahi tu, kwa kuwa mwalimu akiuliza neno si vyema kumrudisha mikono mitupu. Asili ya neno hilo tunaijua watu wawili duniani, na mimi niliye mmoja wao nilikuwa nimeisahau. Aliyenikumbusha ni mwenzangu wa pili, naye hakunikumbusha kwa maneno bali kwa kunifundisha pool.

Nianze palipoanzia. Daktari alikuwa ameniagiza nitembee kila siku baada ya alasiri, nami nikawa nazunguka Ngamiani, hapa Tanga, katika zile barabara ambazo badala ya majina zina namba. Penye kona moja, chini ya mkungu, pana kibanda cha mabati kisicho na kuta, na ndani yake meza ya pool. Kitambaa chake cha kijani kina viraka vitatu, na mguu mmoja umetiwa kigingi cha mbao. Miaka mingi nilipita hapo nikigeuza uso, kama wafanyavyo walimu wengi. Kwetu sisi pool ilikuwa jina jingine la utoro.

Siku hiyo nilisimamishwa na sarufi. Kijana mmoja alipiga kelele: "Nyeupe imeingia!" Nami, kwa ule ugonjwa wangu wa miaka thelathini, nikajibu kutoka barabarani: "Mpira mweupe umeingia."

Pakawa kimya. Kisha mtu mmoja, wa umri wa miaka arobaini kasoro, aliyekuwa ameegemea fimbo yake kama mchungaji, akanigeukia kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu. Hapa mezani ni nyeupe. Ukisema mweupe, watu watainama kutafuta mpira mwingine."

Walicheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa nimenaswa. Pale palikuwa na lugha nzima ambayo sikuwa nayo daftarini. Kamusi zetu zina neno biliadi, lakini chini ya mkungu ule sikulisikia hata mara moja. Niliketi kwenye benchi, nikatoa kalamu. Yule aliyenisahihisha alikuwa dereva wa bajaji, na jioni ile aliwashinda watu sita mfululizo bila kuharakisha hatua wala kupandisha sauti. Walimwita Bahamvi. Nikaliandika.

Kwa wiki nzima nilikuwa mwandishi wa benchi. Nilijaribu hata kuwatungia istilahi, kwa kuwa niliamini hawana. Fimbo niliiita kijiti cha kugongea. Kingo za mpira zinazouzunguka uwanja wa meza niliziita vizuizi. Walinisikiliza kwa upole, kisha wakaendelea kusema fimbo na ukuta. Siku nyingine nikawapa historia. Niliwaeleza kwamba neno pool halina uhusiano wowote na maji. Limetoka kwa Wafaransa, kwao poule ni kuku jike, na neno hilohilo likatumika kwa fedha ambazo wachezaji huchanga ili mshindi azichukue. Waingereza wakalichukua. Baadaye, katika karne ya 19, huko Marekani nyumba za kuwekea dau la mbio za farasi zikaitwa kwa jina hilo, na humo ziliwekwa meza za biliadi ili wateja wasichoke kusubiri matokeo. Jina likahama kutoka kwenye dau hadi kwenye meza.

"Kumbe tunacheza kuku," akasema kijana mmoja.

"Ndiyo maana anayeshindwa huchinjwa," akajibu Bahamvi. Aliyeshindwa pale ndiye anayelipia sarafu ya mchezo unaofuata. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, maneno ya hapa huwezi kuyaandika ukiwa umekaa. Shika fimbo."

Ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi nikiwa na miaka hamsini na saba.

Siku ya kwanza hakunipa mpira wa kulenga. Aliiweka nyeupe peke yake upande wangu wa meza, akaniambia niipige iende ikaguse ukuta wa mbali, irudi moja kwa moja, iguse ncha ya fimbo yangu palepale ilipotoka. Lilionekana jambo la kitoto. Nyeupe ilirudi kushoto. Ikarudi kulia. Ikarudi kushoto tena.

"Meza hii imeinama," nikasema.

"Imeinama kidogo, upande wa barabarani," akasema. "Wewe umeinama zaidi."

Alinifundisha kusimama: mguu mmoja mbele, kidevu chini karibu na fimbo, mkono wa mbele umetulia juu ya kitambaa, kidole gumba kimeinuliwa ili fimbo ipate mfereji wa kupitia. Mkono wa nyuma ndio peke yake unaotembea, tena kuanzia kwenye kiwiko tu. Jioni nne nilipiga nyeupe peke yake. Wapita njia, wengine wazazi wa wanafunzi wangu, walinisalimia kwa sauti ya watu wanaomwona mgonjwa hadharani.

Jioni ya tano alinipa mpira wa kupiga, na hapo nikapata maneno matatu ambayo sikuyatunga mimi. Ukiigonga nyeupe katikati yake, kwa nguvu ya kutosha, nayo ikaugonga mpira mwingine usoni kabisa, mpira ule huenda na nyeupe husimama palepale. Hiyo ni kusimamisha. Ukiigonga juu kidogo ya katikati, nyeupe huuandama mpira ule kwa nyuma. Hiyo ni kufuatisha. Ukiigonga chini ya katikati, huteleza mbele huku ikizunguka kinyume, na baada ya kugonga hurudi ulipo. Hiyo ni kurudisha. Tazama, msomaji: simamisha, fuatisha, rudisha. Kauli ya kutendesha, mara tatu. Wachezaji wale hawakuwa na haja ya kamati yangu. Walichukua kiambishi ambacho kila mtoto wa Kiswahili anacho, wakapata istilahi tatu zenye umbo moja.

Nilijifunza pia kwa nini kila mara hupaka chaki kwenye ncha ya fimbo. Ncha ile ni ya ngozi, na chaki huizuia isiteleze inapogonga pembeni ya mpira. Anayesifiwa kwa ngozi hiyo ni Mfaransa mmoja, Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19. Ncha za mbao tupu ziliteleza, na mtu hakuweza kuizungusha nyeupe apendavyo. Nilipomweleza Bahamvi habari hizo alipaka chaki, akasema: "Basi huyo ndiye aliyeleta mchezo. Waliomtangulia walikuwa wanasukuma tu."

Lakini somo kubwa halikuwa la ncha ya fimbo. Wiki ya tatu niliutumbukiza mpira mgumu, wa pembe nyembamba, kutoka mwisho wa meza hadi kwenye shimo la kona. Uliingia bila kugusa midomo ya shimo. Vijana walipiga makofi. Nikamtazama mwalimu wangu nikitarajia walau tabasamu. Yeye hakuwa ametazama shimo kabisa.

"Nyeupe umeiacha wapi?" akauliza.

Nikatazama. Nyeupe ilikuwa imebingirika hadi nyuma ya mpira wa mpinzani, imebanwa ukutani, na mimi sikuwa na njia ya kuufikia mpira wangu wowote. Nilikuwa nimepata bao moja na kuupoteza mchezo kwa pigo lilelile.

Tangu siku hiyo swali lake lilikuwa hilohilo. Sikuwahi kumsikia akiuliza kama mpira umeingia. Kuingia, kwake, lilikuwa jambo la chini kabisa ambalo pigo linaweza kufanya. Alinionyesha kwamba nyeupe ikiugonga mpira kwa pembe, bila kuzunguka mbele wala nyuma, mipira miwili huachana kwa pembe mraba, kama kona ya kitabu. Kwa hiyo kabla hujapiga unaweza kujua nyeupe itashika njia gani. Alinifundisha kuhesabu kinyumenyume. Meza ile ina mipira kumi na mitano pamoja na nyeupe: namba 1 hadi 7 ni zenye rangi tupu, 9 hadi 15 zina mistari, na 8 nyeusi ndiyo ya mwisho. Mchezaji wa kweli huanza kwa kuitazama nyeusi. Itaingia shimo gani? Ili niipige vizuri, nyeupe inafaa iwe wapi? Basi mpira wangu wa mwisho kabla ya nyeusi uwe upi, ambao utaiacha nyeupe hapo? Na kabla ya huo? Akirudi nyuma hivyo hadi anapofika kwenye pigo la kwanza, ndipo anapopaka chaki.

Mimi nilicheza kama watu wengi wanavyotunga: nilianza na kilicho karibu. Jioni moja, katika mchezo na kijana wa duka la jirani, nilitumbukiza mitano mfululizo. Nilijiona bingwa. Miwili yangu iliyobaki ilikuwa imegandamana na mpira wake pembeni mwa meza, na nyeupe ilikuwa upande wa pili. Sikuweza kuigusa. Kijana alinimaliza polepole, huku mipira yangu mitano ikiwa tumboni mwa meza isiweze kunisaidia kwa lolote.

Bahamvi alinieleza kosa langu kwa sentensi moja: "Umezimaliza rahisi zote mwanzoni, Mwalimu, na sasa huna rahisi ya kukupeleka kwenye ngumu."

Nilikwenda nyumbani na sentensi hiyo. Usiku nilikuwa naandaa somo la mtiririko kwa kidato cha tatu. Wenzangu mnajua, ni lile shairi ambalo vina vyake, vya kati na vya mwisho, havibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Nilitaka kuandika onyo kwa watunzi wachanga: chagua kina chenye maneno mengi, usiyamalize yote katika ubeti wa kwanza. Kalamu ikasimama. Sentensi ile nilikuwa nimeisikia jioni, kwa maneno mengine. Nikatafuta mfano wa kina kigumu, na akili ikaniletea wenyewe: -mvi. Nikafungua daftari kwenye herufi B. Nikalisoma neno lile kwa sauti, nikalikata mahali panapostahili. Baha-mvi.

Mwaka 2001, katika shule niliyokuwa nikifundisha, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea shairi la mtiririko ambalo sikuwa nimemwagiza. Lilimhusu babu yake, mvuvi. Ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko umri wake. Vina vya mwisho vilikuwa mvi, chumvi, ugomvi, mgomvi: nywele za babu, jasho lake na bahari yake, mashindano yake na mawimbi. Mizani ilitimia. Ubeti wa pili ulianza, na maneno yalikuwa yamekwisha. Basi badala ya bahari akaandika "bahamvi", ili kina kisikatike.

Nilisimama mbele ya darasa na karatasi yake. Ubeti wa kwanza sikuusoma. Nilisoma mstari mmoja tu, ule, kisha nikauliza: "Bahamvi ni mnyama gani? Ana miguu mingapi?" Darasa lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Kwa muda uliobaki wa mwaka ule hakuna aliyemwita kijana yule kwa jina lake. Hakuniletea shairi jingine. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni. Baba yake alikuwa mgonjwa na ada ilikuwa ngumu, kwa hiyo siwezi kusema kwamba nilimtoa mimi. Lakini siwezi kusema pia kwamba mimi simo.

Nilitaka kicheko, nikakipata. Mpira uliingia safi. Sikutazama nyeupe nimeiacha wapi, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kesho yake nilikwenda mapema, kabla vijana hawajafika. Alikuwa peke yake akipangusa meza kwa kitambaa kibichi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na sikumbuki hata neno lake moja. Nilichosema ni kwamba shairi lile nilipaswa kulisoma lote, kwamba ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri, kwamba nilikosea, na kwamba naomba radhi.

Aliendelea kupangusa. "Nilikujua siku ileile ya kwanza, Mwalimu," akasema. "Uliposahihisha nyeupe ukiwa barabarani. Nani mwingine Tanga nzima?"

"Na jina hili? Kwa nini ulilibakiza?"

"Nilipoanza kushinda hapa waliniuliza jina la mezani. Nikafikiri, mengine yote yana wenyewe. Hili duniani ni langu tu." Akacheka kidogo. "Hawa vijana wanadhani ni jina la samaki."

Hapo nikamwambia lililokuwa zito kuliko yote, ambalo sikulala kwa ajili yake. Lilikuwapo neno la tano. Siku ile darasani nilipokuwa nikiuliza habari za miguu, nilikuwa nalijua. Jamvi. Babu yake angeweza kuketi juu yake akishona nyavu, na ubeti wa pili ungesimama. Kumpa neno lile kungenichukua muda mfupi kuliko kumcheka.

"Jamvi," akasema, akitikisa kichwa. "Nililipata jioni ileile nilipofika nyumbani, Mwalimu. Nilikuwa nimelikalia."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka, wala hakuonyesha hasira. Alizipanga rangi katika pembetatu, akainua fremu, akanipa fimbo. "Anza wewe," akasema.

Sijawa mchezaji mzuri. Nikicheza naye michezo kumi, hushinda kumi. Lakini naweza sasa kuisimamisha nyeupe mara nyingi kuliko kuipoteza, na mara chache, meza ikiwa nyepesi, naiona njia yote kutoka nyeusi kurudi hadi pigo la kwanza. Darasani limebadilika jambo moja. Mwanafunzi akiniletea ubeti wenye kina cha kulazimisha, simwulizi tena neno hilo ni mnyama gani. Namwambia asome ubeti wa kwanza kwa sauti, kisha tunaandika ubaoni maneno yote ya kina hicho tuyajuayo, yeye na mimi na darasa zima, kabla hajaendelea. Mara nyingi wananizidi mawili matatu.

Mwezi uliopita nilitunga ubeti mmoja kwa ajili yake, kwa kina chake. Niliusoma mezani, vijana wakisikiliza:

Nimejifunza mezani, kichwa changu kina mvi,
Maneno yangu zamani, yalizidi mno chumvi,
Leo njoo barazani, tuketi juu ya jamvi,
Nipe fimbo mkononi, tucheze bila ugomvi.

Bahamvi aliuhesabu kwa vidole kwenye ukingo wa meza, mstari kwa mstari, nane kwa nane, midomo ikitembea bila sauti. Ni wazi hakuwa amesahau. Alipomaliza akaniambia, "Mizani imetimia. Vina vimetimia." Nikashukuru, nikaanza kuikunja karatasi.

"Ila ubeti wa pili, Mwalimu," akasema. "Nyeupe umeiacha wapi?"

Nikahesabu. Nilikuwa nimebakiza mgomvi peke yake.